Mchunga Uliokamuliwa Mara Nne

Kila Jumamosi asubuhi Saadiya huchambua mboga kwenye ghorofa yao, Mchafukoge. Bibi yake hupenda mchunga wa kutoka Kariakoo. Ni mboga chungu kweli, lakini Bibi husema asipoila tumbo hujaa na choo humsumbua.

Jumamosi moja Bibi alimwachia apike peke yake. Saadiya alitaka kusifiwa. Aliukatakata mchunga, akauosha kwa chumvi, akaukamua mara nne na kumwaga yale maji ya kijani. Akaunga kwa tui, akatia na kijiko cha sukari.

Bibi akaonja. "Huu mchunga au mchicha?"

"Mchunga, Bibi. Siku hizi ndivyo unavyouzwa."

Wiki mbili Saadiya akapika hivyohivyo. Tumbo la Bibi likajaa, akawa anaacha chakula kwenye sahani. Jumamosi ya tatu akavaa baibui.

"Twende. Mektilda ananiuzia majani tu. Leo nitamwambia mbele za watu."

Sokoni, Mektilda, muuza mboga, alikuwa akinyunyizia maji mafungu yake. "Shikamoo, Bibi yangu! Nikuwekee mawili?"

"Marahaba. Sitaki hata moja! Mchunga gani hauna uchungu? Unalichezea tumbo langu!"

Wateja wawili wakarudisha mafungu waliyoshika. Muuza nyanya wa jirani akacheka, "Makubwa! Mektilda siku hizi unauza chakula cha sungura?"

Mektilda aliinama, akawa anapanga mafungu ambayo tayari yalikuwa yamepangwa. Saadiya aliitazama ile mikono, akashindwa kunyamaza.

"Bibi, mboga yake ni nzuri. Mimi niliikamua mara nne, nikatia sukari. Nilikudanganya."

Bibi akamgeukia Mektilda, kwa sauti ileile kubwa. "Mwanangu, nimekukosea. Niwie radhi."

"Yameisha, Bibi." Mektilda akamwangalia Saadiya. "Na wewe mpishi, mara nne! Ulikuwa unafua shuka?"

Watu wakacheka. Wale wateja wakachukua mafungu yao.

Njiani Bibi alisema taratibu, "Mchunga hukamuliwa mara moja tu. Uchungu uliokuwa unaumwaga ndio unaonisaidia kusaga chakula. Tumbo lisipotulia, tutakwenda zahanati. Lakini ukikosea kupika, mjukuu wangu, niambie, nitakuelekeza. Ukinificha, naumwa mimi, na mwenzetu anaaibika kwa kosa lisilo lake."