Dawa ya Mikono ya Babu Pankras

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare ya shule, Walburga alichota komoni, pombe ya kienyeji, kwenye ndoo akamnywesha babu yake. Mzee Pankras hakuweza kushika kikombe mwenyewe kwa jinsi mikono ilivyotetemeka. Akishakunywa, mikono ilitulia.

"Unaona?" mama yake, Kunigunda, alizoea kusema. "Ndiyo dawa yake. Uzee huo, mwanangu."

Walburga, msichana wa miaka kumi na miwili, aliichukia kazi hiyo kuliko kuchota maji. Akimpa pombe, babu alisahau hata kama amekula. Asipompa, alitetemeka na kulia mpaka majirani wasikie. Sasa mtoto afanye nini? Baba alikuwa mbali, huko Ngaka, akiendesha lori la makaa ya mawe, na mama alishamkataza kutoa nje mambo ya nyumbani.

Siku moja majirani wa kijijini kwao Mbuji walikuja kwao kwa ngokela, kazi ya pamoja ambayo mwenye shamba huwapikia watu pombe. Walikuja kuchimba ngolo, yale mashimo ya mlimani yanayozuia mvua isichukue udongo. Tangu ujana wake, hakuna aliyempita babu kwa kupanga mistari ya nyasi inayofukiwa kuwa kingo za mashimo hayo. Wakampa kata ya kwanza ya pombe kwa heshima.

Babu akapanga mistari ya kushuka bondeni tu, bila ile ya kuikatisha. Maji yangeteremka na shamba lote. Watu wakacheka.

"Mwongezee babu yako, akili imrudie!" akasema jirani yao, Mzee Methodi.

Walburga akasogea na kata. Babu akamtazama kwa upole.

"Wewe binti wa nani?"

Walburga aliumia sana. Akamwaga pombe chini.

"Mtoto huyu!" mama akafoka. "Unamnyima babu yako mbele za watu?"

"Nisamehe, mama. Mimi ndiye ninayemnywesha kila siku, na bado ananisahau mimi. Nimechoka! Nilikuwa naogopa kusema."

Kicheko kikakatika. Mama akakaa chini kwenye udongo, akalia.

Kesho yake walimpeleka babu zahanati. Muuguzi Gertrude aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mwili wake umezoea pombe, ndiyo maana akiikosa anatetemeka," alisema. "Na pombe hiyo hiyo inamharibia ubongo. Lakini msimkatishe pombe ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege akafa. Atalazwa hospitali, aachishwe kwa dawa."

"Atanikumbuka?" Walburga akauliza.

"Siku nyingine atakukumbuka, siku nyingine hapana. Sitakudanganya. Kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi chote."

Babu alirudi nyumbani ametulia, anakula vizuri. Majirani walipokuja tena shambani, Kunigunda aliwapikia togwa isiyolevya. Mzee Methodi akauliza pombe ya Mzee Pankras iko wapi.

"Haipo, baba," Kunigunda akajibu. "Nilidhani namtibu, kumbe namwangamiza, na mzigo wenyewe nikamtwika mtoto. Mzee wenu akianza kusahau, msiseme ni uzee tu. Mpelekeni kwa wataalamu. Na wewe Walburga, jambo likikuzidi nguvu, niambie. Nikikukemea, niambie tena."

Mzee Methodi akanyoosha mkono, akapokea togwa.