Chujio la Adabu

Gari lilisimama mlangoni kwa Mzee Sudayi jua likiwa limeanza kupoa, likapiga honi mara moja kwa unyenyekevu, likafungua mlango wake na kumsubiri. Ndani hamkuwa na dereva. Magari-jiendeshe ya Dodoma yalikuwa yameachana na madereva tangu zama za babu zao. Mzee alichungulia dirishani, akarudi kukaa. Gari likapiga honi tena. Ndipo alipopiga simu Dawati la Msaada, na simu ikaangukia kwa Keziya Mgonela, ambaye tangu asubuhi alikuwa akisikiliza matatizo ya watu mpaka sikio lake limekufa ganzi.

"Mwanangu, kuna gari hapa linataka kunipeleka kwa Chibago."

"Shikamoo, mzee. Ulimwahidi kwamba utakwenda?"

"Marahaba. Sikumwahidi chochote! Tulikutana sokoni, akasema karibu nyumbani, nami nikamjibu nitapita kesho. Ulitaka nimjibuje? Kwamba sipiti?"

"Kinasa-ahadi chako kimeyaandika hayo, mzee. Tazama kwenye kioo. Kuna alama ya nyota, halafu neno BADO, halafu 'Kupita kwa Chibago'. Gusa hilo neno BADO ulifute, uandike GHAIRI. Gari litaondoka."

Mzee alitafuta miwani. "Na Chibago ataambiwa?"

"Ataambiwa."

"Ataambiwa kwamba Sudayi ameghairi kwenda kwake?" Sauti ilipanda. "Hivi wewe mtoto ulilelewa na nani? Basi acha. Naenda." Mlango wa gari ulisikika ukifungwa.

Keziya alikata simu. Foleni ya wapigaji kwenye kioo chake haikuwa imepungua hata kidogo.

Chombo chenyewe, Mstari, kilikuwa hakina ubaya wowote. Kilikuwa daftari na mpango wa kazi kwa pamoja, tena kwa maandishi matupu: hakuna picha, hakuna rangi, herufi tu ambazo yeyote aliyekwenda shule angeweza kuzisoma na kuzisahihisha kwa kidole chake. Watu walikuwa wamechoka na mashine zinazoficha mambo tumboni, ndiyo maana jiji zima likaupenda Mstari. Kila kazi ilikuwa na mstari wake: inayosubiri iliandikwa BADO, iliyokwisha ikaandikwa TAYARI, iliyoachwa ikaandikwa GHAIRI. Basi. Taabu ilikuja baadaye, pale wahandisi walipobuni kinasa-ahadi, kidude kidogo kama kifungo cha shati, kinachobandikwa kwenye ukosi. Kilisikiliza maneno ya mwenye nacho, na kila aliposema atafanya jambo, kiliwaka kijani na kuliandika kwenye Mstari wake. Siku ikifika, magari, majiko na roboti za nyumbani zilisoma maandishi hayo na kuhakikisha jambo limefanyika. "Kilichoandikwa hakihitaji kukumbukwa," ndivyo matangazo yalivyosema.

Wahandisi hao walikuwa watu waaminifu, na uaminifu ndio uliowaponza. Waliamini kwamba mtu akisema atakuja, basi anakuja. Sijui walikulia nchi gani. Nani kwetu asiyejua kwamba "nitapita kesho" ni namna ya kuagana? Mtu anakwambia karibu chakula, unamwambia nitarudi, na wote wawili mnakwenda zenu mkiwa mmeheshimiana. Sasa kila neno la kuagana lilizaa safari. Jiji zima lilikuwa barabarani likitembeleana kwa lazima. Watu walikaa sebuleni kwa watu, chai ikipoa, wageni na wenyeji wakitazamana kama waliokamatwa. Waliochoka sana waliacha kuagana kabisa, wakawa wanageuka na kuondoka kimya, jambo ambalo lilileta ugomvi wa aina yake.

Na wote hao walipiga simu Dawati la Msaada.

Ndiyo sababu Keziya hakuwa amekwenda Mpwapwa kumwona Shangazi Damari. Shangazi ndiye aliyemlea, tangu siku mama yake alipofariki mpaka alipomaliza chuo. Wahudumu wa Dawati walikuwa na ruhusa moja ambayo raia wengine hawakuwa nayo: waliweza kuusukuma mstari wao mbele bila kueleza sababu, kwa kuwa zamu hazikutabirika. Kila wiki Shangazi alipiga simu, kila wiki Keziya akasema, "Nakuja Jumamosi, shangazi," na kila Ijumaa zamu ikaongezwa, naye akausukuma mstari kwenye Jumamosi inayofuata. Hakuwa akidanganya. Kila aliposema, alimaanisha.

Halafu Shangazi akapiga simu akiwa na habari mpya. Macho yake yalikuwa yamefika mwisho, ukungu umeyafunika, na hospitali ilikuwa imepanga kumng'oa yote mawili na kumwekea macho-unde.

"Ni Jumatatu ya wiki ijayo," alisema. "Daktari anasema nitaona mpaka chungu anayetambaa ukutani. Sawa. Lakini mwanangu, mimi nilikulea kwa haya haya macho mabovu. Nataka nikuone nayo mara moja kabla hawajayatupa. Bado kidogo yanaona, ukinisogelea."

"Nakuja Jumamosi, shangazi," alisema Keziya. "Safari hii hata waongeze zamu, nakuja."

Kidude kwenye ukosi wake kiliwaka kijani. Akatulia. Limeandikwa.

Wiki hiyohiyo ndipo yeye na mwenzake Ndahani walipokamilisha chujio. Wazo lilikuwa la Keziya. Lilimjia siku moja alipokuwa amechoka kiasi cha kutaka kulia, akamwambia Ndahani kwamba mashine haihitaji kuelewa adabu, inahitaji tu kuitambua. Basi ifundishwe hivi: mtu akimwahidi mtu yuleyule jambo lilelile tena na tena bila kulitimiza, hiyo si ahadi, ni adabu. Iachwe ipite, na kama imeshaandikwa, ifutwe.

"Ni hivyo tu?" aliuliza Ndahani.

"Ni hivyo tu."

Ndahani aliiandika kanuni hiyo asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imeshaingia kwenye vinasa-ahadi vyote nchini. Alhamisi simu zilipungua. Ijumaa zilikauka. Mitaa ikawa na nafasi, watu wakarudia kuagana kwa maneno mazuri yasiyowagharimu kitu, na mkuu wa Dawati akaleta keki. Zamu za Jumamosi zilifutwa zote.

Jumamosi hiyo Keziya alilala. Alilala usingizi wa mtu aliyedai usingizi muda mrefu, akaamka mchana, akala ndizi mbili akiwa amesimama, akalala tena. Kuna wakati alijigeuza akahisi kuna jambo. Mpwapwa, si ilikuwa wiki hii? Akasikiliza. Hakuna gari lililopiga honi. Basi ni Jumamosi ijayo, akajiambia, na kichwa kikaukubali uongo huo upesi. Ilikuwa miaka sasa hajakumbuka jambo lolote kwa kichwa chake. Kitu kisichokuja na gari hakikuwa cha leo.

Jumatano asubuhi simu moja iliingia kwenye foleni fupi ya Dawati, naye akaipokea.

"Dawati la Msaada, habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

"Nzuri. Nina shida na Mstari wangu," ilisema sauti ya upande wa pili, na Keziya akakaa wima.

"Shangazi? Shikamoo! Mbona umepitia huku? Si ungenipigia kwangu?"

"Marahaba, mama. Nikikupigia kwako unaniambia unakuja. Hapa naambiwa huwa mnawasaidia watu."

Hakuyasema kwa hasira, na hapo ndipo Keziya alipohesabu siku. Jumatatu ilikuwa imepita.

"Shangazi, macho..."

"Yameshawekwa. Yanaona vizuri. Sasa nisikilize, kuna wengine wanasubiri nyuma yangu. Nina mstari unasema BADO, 'Kumpikia Keziya'. Unajirudia kila Jumamosi. Jiko linausoma, linajiwasha lenyewe, linapika mlenda na ugali wa uwele wa watu wawili. Jumamosi hii nimekula mpaka Jumapili jioni, na Jumatatu nilitakiwa niende na tumbo tupu. Nimechoka, mwanangu. Nifundishe kuuondoa."

Ndipo Keziya alipoelewa kwa nini Jumamosi gari halikuja. Kanuni alikuwa ameitunga mwenyewe. Hakuhitaji kwenda kuangalia popote. Jambo lilelile, kwa mtu yuleyule, tena na tena bila kutimizwa. Ndahani, aliyekuwa meza ya pili, alimtazama akaacha kuandika.

"Upo?" aliuliza Shangazi.

"Nipo. Gusa neno BADO."

"Nimegusa. Niandike TAYARI?"

"TAYARI ni kwa jambo lililofanyika, shangazi."

"Halikufanyika."

"Halikufanyika," alikubali Keziya. "Unaandika GHAIRI. Lakini usiandike, shangazi, nakuomba. Nakuja. Nakuja leo."

Kisha Shangazi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mchovu asiyetaka kumwonea mwenzake.

"Karibu, mwanangu, karibu sana," alisema, na simu ikakatika.

Keziya aliinamisha kidevu akautazama ukosi wake. Kidude kilikuwa kimezima. Alisema tena kwa sauti, peke yake, kama kichaa: "Nakwenda Mpwapwa leo." Hakikuwaka. Chujio lake lilifanya kazi barabara.

"Nenda," alisema Ndahani. "Nitapokea zako."

Hakuna gari lililomngoja nje, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa kwamba anasafiri. Alitembea kwa miguu mpaka kituo cha treni, viatu vya ofisini vikimchuna visigino. Mashine ya tiketi ilimwambia kwa upole kwamba safari yake haimo kwenye mpango wa siku, hivyo hana kiti, ila anaweza kusimama. Alisimama. Treni ya sumaku ilipita katikati ya mashamba ya zabibu kwa kasi inayofuta kila kitu dirishani, naye alishikilia nguzo akijaribu kukumbuka, kwa kichwa chake, mara ya mwisho aliyokwenda kwa Shangazi. Hakuweza. Alilia bila kujificha, na abiria wenzake walifanya adabu ya kutomwona.

Shangazi Damari alikuwa kibarazani akichambua mboga kwa ajili ya mtu mmoja. Ungo ulikuwa magotini. Aliposikia hatua aliinua uso, na Keziya akaona macho yale mapya, safi, ya kahawia, yenye mng'ao wa kitu kilichotoka dukani. Yalimgeukia pamoja, yakatulia usoni kwake.

"Kumbe umekuja," alisema Shangazi.

"Nimekuja, shangazi. Nisamehe."

"Sikupika." Alisema hivyo kwa aibu, kama mwenye kosa ni yeye. "Ulivyosema leo, nilijua ni maneno tu. Ningejua ningepika."

Keziya alipiga magoti kando ya ungo, akashika miguu ya shangazi yake. Mkono mkavu uliokuwa na harufu ya mboga ukamgusa shavuni, ukamwinua kidevu. Zamani Shangazi alikuwa na mazoea ya kumsogeza karibu mpaka pua zikaribie kugusana, akitafuta sura yake ndani ya ukungu. Leo hakumsogeza. Alimwona kutoka pale pale alipokaa, na alimtazama kwa muda mrefu, kwenye paji la uso, chini ya macho, pembeni mwa mdomo.

"Unanionaje, shangazi?"

"Vizuri," alisema Shangazi Damari. "Naona kila kitu." Akauondoa mkono taratibu, akarudia kuchambua mboga. "Yale ya zamani yalikuwa yakikuona bado mtoto."