Vigingi Saba vya Barabara

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nari alipanda kilima kilichokuwa nyuma ya nyumba yao kung'oa magugu kwenye kaburi la mama yake. Aliishi na bibi yake na baba yake mdogo, Deok-su, katika kijiji cha Darakgol, kwenye milima ya Korea. Jumatatu moja alikuta kigingi chenye utepe mwekundu kimepigwa pembeni mwa kaburi, na vingine sita vimefuatana naye kwa mstari kilimani.

Alielewa mara moja. Wapimaji walikuwa wakionyesha njia ya barabara mpya na daraja, ili basi la shule lisilazimike tena kupita ndani ya mto wakati wa mafuriko. Nari hakumwambia mtu. Aling'oa vigingi vyote saba kimoja kimoja, akavipigilia hatua arobaini chini, katikati ya shamba la pilipili la jirani yao mzee, Bwana Ma.

Alasiri hiyo wanakijiji, Nari na bibi yake wakiwemo, walikusanyika ukumbini kuujadili mradi. Mhandisi Pyo, mwanamke mfupi aliyevaa buti zenye matope, alikuwa ndiyo kwanza anatandaza ramani mezani. Ghafla Bwana Ma aliingia na kigingi mkononi.

"Deok-su! Jana vigingi hivi vilikuwa kilimani kwenu. Umehamishia barabara shambani kwangu, mwizi wewe!"

"Nani mwizi? Hebu rudia!"

"Mwizi! Na ukoo wako wote!"

Deok-su alimvamia. Bwana Ma akamtandika kigingi mdomoni, na meno mawili yakadondoka sakafuni. Deok-su akamkaba, akambamiza juu ya meza hadi ramani ikachanika. Ndugu wa pande zote mbili wakarukiana kwa ngumi, viti na mipini ya majembe. Bibi alisukumwa akaanguka. Mhandisi Pyo alijitosa kuwaamua, akapigwa kiti kwenye paji la uso. Damu ikamziba jicho.

"Ni mimi!" Nari alipiga kelele. "Baba mdogo, acha! Ni mimi!"

Hakuna aliyemsikia. Deok-su aliushika mkono wa Bwana Ma, akausokota. Mfupa ukalia kama kijiti kikavu.

Nari alikimbilia chombo cha matangazo ya kijiji pale ukutani, akawasha, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Vigingi nimehamisha mimi! Mimi Nari! Vilipita kwenye kaburi la mama!"

Sauti yake ilinguruma kwenye spika za kijiji, ikajaa bonde zima. Watu wakabaki wamekunja ngumi hewani. Deok-su akamwachia Bwana Ma, akaketi chini, mdomo umejaa damu.

Kesho yake, Nari na baba yake mdogo walipiga magoti mbele ya kitanda cha Bwana Ma hospitalini. Deok-su, ambaye polisi walikuwa wamemhoji usiku kucha, alishindwa kuinua uso.

"Nisamehe, babu," Nari alisema huku akilia.

Mzee aliutazama mkono wake uliofungwa plasta. "Mkono huu ndio unaochuma pilipili. Mwaka huu mtachuma ninyi wawili. Na msiniachie hata moja ioze!"

"Hatutaacha, babu."

Jioni Mhandisi Pyo, bandeji kichwani, alipanda kilimani pamoja na Nari. Alipima, akaandika, akapima tena. Kisha akapigilia kigingi kipya mbali na kaburi.

"Barabara itapinda kidogo hapa. Haitagusa kaburi wala shamba."

Nari alishangaa. "Kumbe inawezekana? Kirahisi hivyo?"

"Ningeliweza hata jana. Kwenye ramani yangu hapa palikuwa na nyasi tu, mwanangu. Mimi ni mgeni. Ningejuaje mama yako amelala wapi?" Alifuta jasho pembeni mwa bandeji. "Ndiyo maana tunaitisha mkutano kabla ya kujenga. Ulikuwa na haki ya kulilinda kaburi hili, lakini ulilificha jambo lako, na wengine wakamwaga damu kwa kosa wasilolijua. Siku nyingine simama mbele ya watu useme, hata kama sauti inatetemeka."