Watoto Waliosubiri Jibu

Kompyuta mpya haikuwa na spika, na bado ilitoa sauti ya mtoto anayetafuta ziwa la mama.

Karani aliisikia Jumatatu saa tano asubuhi, jua limejaa dirishani. Aliinama kumtazama mwanawe wa miezi mitatu, aliyelazwa kwenye kapu chini ya meza. Mdomo wazi, machozi yanatiririka hadi masikioni. Alikuwa analia. Sauti haikutoka kwake.

"Waya," alimnong'oneza fundi wa kompyuta, ambaye kliniki nzima ya wazazi ilimwita hivyo kwa wembamba wake. "Njoo usikilize."

Waya alitega sikio. "Feni hiyo, dada."

"Feni gani inalia nga, nga?"

Alicheka, lakini alivuta kiti chake nyuma.

Rejesta ya kliniki ilikuwa programu ya zamani, ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, isiyojua picha wala kipanya. Unaiandikia amri, inakujibu. Kompyuta za siku hizi ziliikataa kabisa. Basi Waya alitengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya ile mpya, kama chumba cha kizamani ndani ya nyumba ya kisasa, na programu ikaamka humo bila kujua kwamba imehamishwa. Kwa kila mtoto ilikuwa na swali moja la mwisho: MTOTO AMELIA? N/H. N ndiyo, H hapana. Usipojibu, jina lake halifungwi.

Jumanne ikaja harufu ya maziwa yaliyochacha. Jumatano daktari alimmulika mtoto kooni, akasema, "Koo zima, mama." Karani akarudi mezani, akamnyonyesha kimyakimya, huku kitu ndani ya mashine kikimeza kila mara mtoto alipomeza.

Alhamisi mkunga mkuu aliingia na kikombe cha chai. Alikuwa akimletea kila siku bila kuombwa, tangu aone kwamba karani hagusi chakula. Alipotazama kioo, chai ilimwagika. Majina yalikuwa yakipanda yenyewe, kila moja na swali lake.

"Hawa nawajua," alisema kwa sauti ya chini. "Niliwapokea kwa mikono hii. Hakuna aliyelia."

"Mbona hawakuandikiwa hapana?"

"Bi Mkubwa, aliyekaa kiti hicho kabla yako, alikuwa na moyo laini. Aliniambia, nitaandikaje hapana na mama yake bado amemkumbatia? Akaacha maswali wazi. Kila asubuhi aliwaambia, subirini, wanangu. Nao wakasubiri." Mkunga akafuta macho. "Mpaka alipoanguka hapo mezani, akafa, mchana ule ulipojifungua mtoto huyu. Sasa hawana wa kuwatuliza. Wanatafuta sauti ya kulilia."

Waya alishika waya wa umeme. "Nifute chumba chote, yaishe."

"Thubutu!" mkunga alisema. "Ukifuta, na sauti ya mtoto huyu imekwenda."

Karani akavuta kibodi. "Pole, mwanangu, lala," akasema, akabonyeza H, akabonyeza enta. Kilio ndani ya mashine kikapungua kidogo. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu, akimwambia kila mmoja pole kama vile yumo mapajani mwake, na kadiri alivyojibu ndivyo harufu ilivyozidi kumkaba na vidole vilivyozidi kuwa baridi, pole, H, enta, pole, H, enta, hata mkono ukawa unakwenda wenyewe kama mtu anayetwanga huku amesinzia, na kilio kikabaki kimoja tu, chembamba, anachokifahamu kuliko jina lake, na kidole kilikuwa kimeshabonyeza H ya jina la mwisho pale mkunga alipopiga ukelele na kumdaka kifundo cha mkono.

"Soma!"

Akasoma. Jina la mama lilikuwa lake mwenyewe. Tarehe ni ile Bi Mkubwa aliyoanguka, kabla hajamaliza kujaza.

H ilikuwa inang'aa kijani, ikingoja enta.

Aliifuta. Akaandika N. Akabonyeza.

Chini ya meza mtoto alilia hadi madirisha yakatetema. Mama yake alimnyakua, na Waya, mtu mzima na ndevu zake, akageukia ukuta machozi yake yasionekane.

"Lia, baba, lia," mkunga alisema, akicheka na kulia pamoja. "Kelele zako ni dawa."

Kioo kikauliza, kama kilivyouliza sikuzote kazi ikiisha: MWINGINE? N/H.

"Andika hapana, dada," Waya alinong'ona. "Nifunge."

Karani alikuwa na mtoto mikononi. Waya alisimama mbali. Mkunga alikuwa ameshaelekea mlangoni. Hakuna aliyegusa kibodi, na N ikajiandika.

Hatua za mbio zikasikika koridoni. Muuguzi akachungulia, glavu zikiwa na damu.

"Mkunga, njoo haraka! Mtoto ametoka, lakini halii."

Kwenye kioo, swali lilikuwa limeshatokea: MTOTO AMELIA? N/H.