Kioo Kilizimwa, Barua Zikabaki Wazi

Nalepo alikuwa mtunga shanga wa Moshono, nje kidogo ya mji. Kila asubuhi, baada ya kukamua ng'ombe na kunywa chai, alitandika mkeka barazani. Wanawake watatu wa jirani walikuja na sindano zao, wakatunga mikufu na mikanda. Kuku nao walikuja. Ilibidi wafukuzwe kila mara, maana walidonoa shanga.

Mteja wao mkubwa alikuwa Twahira, mwenye duka Dar es Salaam. Mwaka huo, 2003, Nalepo na Twahira waliandikiana kwa barua pepe. Kila Jumanne Nalepo alikwenda mjini, kwenye duka la intaneti karibu na soko. Alikodi kompyuta, akasoma barua zake na kujibu.

Jumanne moja alimwandikia Twahira kwamba mzigo umepakiwa kwenye basi. Kisha akabonyeza kitufe cha kioo cha kompyuta. Kioo kikawa cheusi. Akachukua kikapu chake, akaenda zake.

Juma lililofuata barua pepe ilikataa kufunguka. Aliandika neno lake la siri tena na tena. Ilikataa. Alirudi nyumbani bila kuzisoma barua zake. Malipo ya mzigo ule hayakuwa yake peke yake.

Jioni alimwendea jirani yake Tabea, aliyefundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini.

"Mama Nosim, mbona umenyong'onyea?" Tabea aliuliza. Nosim ni binti wa Nalepo.

Nalepo akamweleza.

"Mara ya mwisho ulipomaliza, ulifungaje?"

"Nilizima kioo."

"Hapo ulizima taa ukaacha mlango wazi," Tabea alisema. "Barua zako zilibaki palepale. Nadhani aliyekaa baada yako aliwasha kioo akazikuta, akabadilisha neno la siri ili usiingie tena."

"Anataka nini? Ni habari za shanga tu."

"Na za malipo. Anaweza kumwandikia Twahira kwa jina lako. Namba yake ya simu unayo?"

"Ninayo."

"Mpigie sasa hivi."

Tabea akampa simu yake. Iliita muda mrefu. Mwishowe Twahira akapokea.

"Twahira, ni mimi Nalepo. Umepata barua yangu juma hili?"

"Nimepata. Umesema umebadilisha akaunti ya benki, nitume malipo kwa jina la mtu mwingine. Nitakwenda benki kesho."

"Si mimi niliyeandika."

"Ndiyo maana niliona ajabu. Wewe huandiki bila kumjulia hali mama yangu. Ile barua haikumsalimu mtu. Basi tulia, dada. Sijatuma kitu."

Nalepo akakaa chini. Akashusha pumzi, kisha akacheka peke yake.

Kesho yake Tabea alimsindikiza mjini. Walimwarifu mwenye duka la intaneti, kisha wakafungua anwani mpya.

"Neno la siri lisiwe jina la Nosim," Tabea alisema. "Mtaa mzima unalijua. Changanya herufi na tarakimu, na usimwambie mtu, hata mimi."

Akageuza uso dirishani Nalepo alipokuwa akiandika. Halafu akamwonyesha mahali pa kubonyeza ili atoke kwenye barua zake.

"Ukishatoka, jaribu kuingia tena. Ikikuuliza neno la siri, umefunga kweli."

Nalepo akajaribu. Ikamuuliza.

Yeye na Twahira wakapatana pia: habari yoyote ya kubadilisha malipo lazima ithibitishwe kwa simu, kwa sauti wanayoijua.

Malipo yalifika salama benki. Wanawake wakagawana barazani. Siku chache baadaye Twahira alipiga simu kuagiza mikanda mingine.

"Yule mtu ameniandikia tena kwa anwani yako ya zamani," alisema. "Nimemwambia anipigie, nisikie sauti yake."

"Amepiga?"

"Mpaka leo, kimya."