Mbeba Ndoo wa Mgori

"Chumvi anaita Ziwa. Chumvi anaita Ziwa. Jibu."

Redio ilikwaruza ndani ya debe la mafuta ya taa. Debe lilikuwa na sehemu mbili: juu mafuta, chini mitambo. Hatua tatu nyuma ya debe, kwenye majani, mlinzi mmoja alikuwa amelala chali na koo limefunguka. Alikuwa amemfuata mwenye redio bondeni kujua anakwenda kufanya nini.

Alijua.

"Ziwa hapa. Sema upesi."

"Wanamuua mwalimu Zefania kesho. Saa tatu asubuhi, kona ya barabara, akienda mjini kutoa ushahidi. Nataka askari kumi."

Sauti ikarudi, tulivu, ya mtu aliyekalia kiti chenye mto.

"Hakuna askari. Mkuu wa wilaya, Bwana Harwood, hataki kelele kwake."

"Harwood ndiye aliyewapa kibali hawa watu!"

"Una karatasi?"

"Sina."

"Basi amri ni hii. Zefania afike mahakamani akiwa hai. Utafanyaje, shauri yako."

"Bastola yangu ina risasi mbili."

"Tumia mbili. Ziwa anafunga."

Melkizedeki Mughwai alitema mate. Ndio wakubwa hao. Wakikutuma kufa hawakupungii hata mkono.

Aliufuta mkono damu kwa majani, akamburuta mlinzi hadi kwenye korongo, akamfunika kwa matawi. Kisha akabeba debe lake kichwani na kupanda kuelekea kambini, akichechemea kidogo kama alivyochechemea kwa wiki kumi na mbili. Pale kambini hakuwa mpelelezi wa siri wa serikali. Alikuwa "Boi". Mbeba ndoo.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na moja. Ndani ya miezi minne watu sita wa vijiji vya Mgori walikuwa wameraruliwa na fisi mchana kweupe, na kaya zaidi ya thelathini zilikuwa zimehama na ng'ombe wao. Serikali ilifanya nini? Ilikamata vikongwe. Ilisema kuna wanawake wanafuga fisi na kuwatuma kuua. Wazungu waliosoma vyuo vikubwa, wana miwani na vitabu, wakakaa mezani wakaandika hivyo.

Mmoja wa vikongwe hao alikuwa Mama Theodora. Kesho saa nane mchana angesomewa hukumu, na kila mtu Singida alijua hukumu gani. Kamba.

Mama Theodora alimzaa Elizabeti. Elizabeti alikuwa mke wa Melkizedeki. Alifia kando ya barabara na uchungu wa kuzaa, kwa sababu lori la serikali siku hiyo lilikuwa limebeba mbwa wa bwana mmoja kwenda kuchanjwa. Mtoto naye hakupona. Mama mkwe ndiye aliyewaosha wote wawili kwa mikono yake. Melkizedeki hakuwa na mtu mwingine duniani.

Basi, Zefania akifa kesho, Mama Theodora ananyongwa. Zefania peke yake ndiye aliyewaona fisi wanne wakiacha maiti na kurudi msituni mbio baada ya kuitwa kwa mlio wa chombo.

Mwenye chombo alikuwa Daktari Krantz.

Krantz hakuwa daktari wa watu. Alikuwa daktari wa tabia za wanyama, aliyefukuzwa chuo cha kwao baada ya vita. Watu waliokuwa wakichimba dhahabu kwa siri ndani ya msitu walimtafuta awaondolee wanakijiji bila kufyatua risasi hata moja. Alikuja na Land Rover, vizimba vinne na chura wa bati, kidude cha kuchezea watoto. Ukikibofya tumboni kinalia.

Kwata!

"Mnyama hasemeshwi," Krantz alipenda kusema, akiandika kwenye daftari lake. "Wala hapigwi. Mnyama analipwa."

Alivyofanya ni hivi. Kwanza chura akilia, fisi anapewa ini. Kwata, ini. Kwata, ini. Mpaka fisi akajua kwamba sauti ile maana yake amepatia, malipo yaja. Halafu fisi akimsogelea mtu wa majani aliyepandishwa juu ya baiskeli, kwata. Akimgusa, kwata. Akimng'ata, kwata. Mwisho filimbi ikapulizwa kwanza, na fisi asiyeng'ata baada ya filimbi alilala njaa.

Siku moja Krantz alimweleza mwenzake, Melkizedeki akiwa amesimama palepale na ndoo. "Ukimlipa kila mara, siku usipolipa anaacha. Mlipe mara moja moja, bila mpango, hataacha kamwe. Ni kama mcheza kamari."

"Huyu anasikia," mwenzake alisema, akimtazama Melkizedeki.

"Boi?" Krantz alicheka. "Huyo anabeba ndoo."

Na hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Kila siku saa sita Krantz alikwenda kula na kulala, akamwachia Boi ndoo yenye maini ya akiba na chura aoshwe damu. Saa nzima. Kwa wiki sita, saa ile, Boi aligonga ndoo mara tatu kwa ufunguo wa gari. Fisi aliyekuja na kulala mbele yake alisikia kwata, akapata ini. Baadaye alipata mara moja moja. Baadaye bila mpango.

Ni nani angemwona? Wakubwa hawamtazami mbeba ndoo.

* * *

Ijumaa. Saa tatu kasorobo asubuhi.

Land Rover ilisimama nyuma ya vichaka, mita hamsini kutoka kona ya barabara. Vizimba vinne vilikuwa chini. Mle ndani vilisikika vicheko vya fisi, vifupi, vya njaa. Mkubwa kuliko wote alikuwa jike mwenye sikio moja. Krantz alimwita Malkia.

Filipo, msimamizi wa walinzi, alikuwa na bunduki ya risasi za marisau begani. Alimsogelea Melkizedeki na kumnusa.

"We Boi. Jana ulikwenda bondeni."

"Nilikwenda kuteka maji, bwana."

"Na yule jamaa alikwenda huko huko. Hajarudi."

"Labda amelewa. Si unamjua."

"Alikuwa Mlokole, mpumbavu wewe!" Filipo alimsukuma kifuani kwa kitako cha bunduki. "Tukimaliza hapa tutaongea, mimi na wewe. Utaongea mpaka meno yaishe."

"Kimya!" Krantz alisema. "Anakuja."

Baiskeli ya Raleigh ilitokea konani. Mwalimu Zefania alikuwa amevaa koti lake la kanisani, suruali amezibana kwa vibanio, anapiga mluzi wa wimbo.

Krantz alifungua vizimba. Akapuliza filimbi.

Fisi walitoka kama mawe ya manati.

Ngo! Ngo! Ngo!

Melkizedeki aligonga ndoo. Fisi wa kwanza akasimama kwa nguvu hadi vumbi likaruka. Akageuka. Wa pili akageuka. Wa tatu akageuka. Walirudi wakitikisa vichwa, wakalala mbele ya ndoo kama mbuzi.

Krantz aligeuka kumtazama Boi.

Lakini Malkia hakugeuka. Malkia alikuwa ameonja watu wanne, na malipo hayo ndoo haikuwa nayo. Aliruka, akamgonga Zefania, baiskeli ikaenda huku na mwalimu akaenda kule. Taya likafunga juu ya mkono wa kushoto. Mfupa ukalia. Zefania akapiga ukelele uliowarusha ndege mitini.

Filipo alishusha bunduki begani. "Ni wewe!"

Melkizedeki alikuwa ameshachomoa bastola ya Webley chini ya ndoo.

Paa!

Risasi ya kwanza iliingia chini ya jicho la Filipo. Bunduki yake ililipukia hewani akianguka, na wale fisi watatu wakatimkia msituni.

Ikabaki moja. Mita hamsini, na Malkia amemlalia mwalimu. Ukikosa unamuua mtu uliyetumwa kumwokoa.

Chura.

Chura alikuwa kwenye kiganja cha Krantz.

Mzungu aliona macho ya Boi yameelekea wapi, akaelewa. Alikimbia. Melkizedeki hakuchechemea safari hii. Alimrukia mgongoni, wakabingirika juu ya ndoo, maini na damu vikawamwagikia. Krantz alichomoa kisu cha mfukoni na kukichoma kwenye paja la Boi. Kikaingia chote. Melkizedeki aliushika mkono uliofumbata chura, akaukunja kwenye bati la gari, akaukunja tena.

Kiwiko kilikatika kama bua la muhindi.

Chura alianguka. Melkizedeki akamwokota.

Kwata!

Kule barabarani Malkia aliachia. Pale pale. Alimwacha mwalimu akivuja damu, akanyanyua kichwa, akatazama kushoto na kulia. Amepatia. Malipo yako wapi?

Akaja mbio.

Malipo yalikuwa yamempaka Daktari Krantz kuanzia kifua hadi magoti.

"Bofya!" Krantz alipiga kelele. "Boi! Gonga ndoo! Fanya kitu!"

"Usitikisike, Daktari. Anakuja kulipwa."

Malkia alianzia mkononi, ule uliovunjika. Vidole vitatu vilikwenda kwa mng'ato mmoja. Melkizedeki alihesabu hadi tano polepole, moja kwa kila mtu aliyemfahamu kati ya wale sita. Halafu aliweka mdomo wa Webley nyuma ya sikio lililobaki.

Paa!

Alimfunga Krantz kisiki cha mkono kwa mkanda wa Filipo, akamtupa nyuma ya gari. Akambeba mwalimu kama mtoto hadi garini.

"Wewe ni nani?" Zefania aliuliza, meno yanagongana.

"Mtu wa kukufikisha mjini. Usilale, mwalimu. Imba."

* * *

Saa nane kasoro dakika kumi Land Rover iliegeshwa mbele ya mahakama Singida. Zefania aliapa kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa umefungwa shuka, akasema aliyoyaona. Krantz aliletwa kwenye machela. Daftari lake likasomwa, siku kwa siku, mtu kwa mtu. Katikati ya kurasa kilikutwa kibali cha "utafiti wa mifugo", na chini yake jina la Harwood kwa wino wa buluu.

Unadhani Harwood alifungwa? Alihamishiwa koloni lingine baada ya mwezi mmoja, akapandishwa cheo. Krantz akanyongwa kwa sababu hakuwa Mwingereza.

Lakini siku ile mlango wa mahabusu ulifunguliwa, Mama Theodora akatoka juani na kaniki yake imechakaa.

Mkuu wa Melkizedeki, yule mwenye sauti ya kiti cha mto, alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Alinyoosha mkono.

"Kazi nzuri. Jumatatu unaripoti. Kuna jambo Tabora."

Melkizedeki aliutazama mkono ule. Akachomoa kiberiti mfukoni mwa mkuu badala yake, akawasha sigara, akamrudishia kiberiti.

"Jumatatu nalima."

Kisha alimkabili mama mkwe wake, akazima sigara ile ile chini ya kiatu, akainamisha macho. Mtu aliyetoka kuua wawili ndani ya siku mbili hakuthubutu kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Alitazama paja la mkwewe lililofungwa. "Hilo nalo ni kazi ya serikali?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Twende, ng'ombe hawajakamuliwa."

Melkizedeki akatangulia, kama inavyompasa mkwe wa kiume, hatua kumi mbele yake, na kila baada ya muda alipunguza mwendo ili zile kumi zisizidi.