Viatu vya Kushukia Baiskeli

Kila Jumamosi asubuhi Melchior na binti yake Ineza hutoa baiskeli zao nje. Wanakaa ughaibuni, katika mtaa wa Macquarie Fields. Wanaendesha na wenzao wa kanisani mpaka mtaa wa jirani uitwao Liverpool, wanakunywa chai mgahawani, kisha wanarudi.

Melchior anaipenda Jumamosi kuliko siku zote. Wiki nzima yeye anahudumia wazee, na Ineza yuko shule. Nyumbani ukimwongelesha Ineza kwa Kiswahili, anakujibu kwa Kiingereza, tena macho yake yakiwa kwenye simu. Lakini akiwa juu ya baiskeli, anaongea na baba yake njia nzima.

Sasa Jumamosi hizo zilikuwa hatarini, kisa viatu.

Melchior alikuwa amenunua viatu vya baiskeli. Chini vina kibao kigumu kinachonasa kwenye pedali. Ukiendesha, mguu hauchomoki. Ukishuka, ni balaa. Siku moja aliingia mgahawani akitembea kama bata. Akateleza kwenye vigae, akaanguka na sinia la chai. Goti likavimba.

"Ukianguka tena, baiskeli tunauza," mkewe Spéciose alisema. "Kazi yako ni kuinua wazee. Ukivunjika mguu, nani atakuinua wewe?"

"Papa, please be careful," Ineza alisema. Alikuwa karibu kulia.

Jumamosi iliyofuata Melchior alivua viatu, akaingia mgahawani na soksi. Akaenda chooni. Sakafu ya choo ilikuwa imelowa. Alirudi na soksi zinazochuruzika maji.

Apondi, muuguzi Mkenya anayeendesha nao, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Baba Ineza, si ubebe viatu vya kubadilisha? Mimi nabeba kila ride."

"Ndala? Dada Apondi, ndala ni za kwenda kuoga. Pasta yuko pale. Nitamsalimiaje na ndala?"

"Na soksi zilizolowa ndiyo heshima?"

Melchior aliificha miguu chini ya meza.

Apondi aliinua mguu wake. "Hivi ni viatu, si ndala. Angalia, vinafunika vidole na kisigino, kwa hivyo havichomoki. Soli ni ya mpira, ina mifereji ya kushika sakafu. Ni vyepesi. Unavikunja, unaweka kwenye mfuko wa nyuma wa jezi. Vijaribu ukiwa umetoka kuendesha, kwa sababu miguu huwa imevimba kidogo. Vikibana, wacha."

"Nibadilishie wapi?"

"Nje, ukiwa umekaa, kabla hujakanyaga vigae. Na usiendeshe navyo kwa hizo pedali zako. Ni vya kutembea tu."

Melchior alitafuta vyake. Alichagua vyeusi, vinavyofanana na viatu vya kanisani.

Jumamosi iliyofuata Spéciose alipanda treni mpaka Liverpool. Alitaka kujionea mwenyewe. Mvua ilikuwa imenyesha, na sakafu ya mgahawa ilikuwa inang'aa kwa maji. Melchior alikaa kwenye benchi la nje, akabadilisha viatu, akaingia. Akabeba sinia la chai. Spéciose aliukumbatia mkoba wake kwa hofu.

Melchior alitembea kama mtu yeyote. Alisimama akamsalimia pasta. Kisha akaweka vikombe mezani, na chai haikumwagika.

Spéciose aliitazama miguu ya mumewe kwa muda. "Haya," alisema. "Baiskeli ibaki."

Ineza aliweka simu chini. Akasema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno: "Mama, na wewe uje. Tuendeshe sisi wote."

Spéciose akamgeukia Apondi.

"Hivyo viatu," aliuliza, "vya saizi yangu vipo?"